Haina sukari, ina wanga gramu 66

Wiki iliyopita niliingia duka la dawa kununua vijiti vya kupimia sukari. Kando ya kaunta, rafu moja na dawa za kisukari, nikakuta pakiti za biskuti zilizotoka nje, zimeandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba hazina sukari na zinawafaa wenye kisukari. Nikageuza nyuma. Katika kila gramu 100: sukari gramu 0.4, wanga gramu 66.

Nina hasira tangu siku hiyo, na wala si kwa muuzaji. Kwa upande wa sukari, pakiti ile haijavunja kanuni. Mwongozo wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula ambavyo nchi nyingi huvitegemea, unaruhusu chakula kuitwa hakina sukari ikiwa sukari yake haizidi gramu 0.5 katika gramu 100. Ulaya ni vivyo hivyo. Gramu 0.4 inapita. Theluthi mbili ya biskuti ni wanga, na hakuna anayelazimishwa kuutaja upande wa mbele.

Sasa tazama kinachotokea mwilini. Wanga wa ngano ni mnyororo wa glukosi, ile sukari inayopimwa kwenye damu. Mate huanza kuukata mdomoni, utumbo mwembamba humalizia, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi tupu. Sukari ya mezani, nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi, sukari ya matunda, ambayo haiipandishi sana sukari ya damu. Kwa hiyo wanga wa unga mweupe, gramu kwa gramu, unaweza kuipandisha sukari ya damu sawa na kijiko cha sukari, au hata zaidi. Mgonjwa anapoambiwa biskuti hii haina sukari, anachosikia ni kwamba haitampandisha sukari. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na pakiti inauzwa kwa sababu watu hawayatenganishi.

Shangazi yangu yuko Tanga, ana kisukari cha ukubwani. Wageni wakienda kumjulia hali humpelekea biskuti za aina hii, kwa upendo, maana wanajua hatumii vitu vitamu. Aliacha chapati. Aliacha maandazi, na kwa mtu wa Tanga hilo si jambo dogo. Asubuhi akawa anakunywa chai na biskuti sita saba, na sukari haishuki. Kliniki akaulizwa anakula nini, akaeleza kila kitu isipokuwa biskuti, kwa kuwa kwake zilikuwa kama sehemu ya dawa. Akaambiwa hafuati masharti. Mama wa miaka sabini na kitu, aliyejinyima vyote alivyovipenda, akarudi nyumbani anaona aibu kwa kosa ambalo hakulifanya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hizo gramu zote.

Turudi kwenye hesabu. Gramu moja ya wanga huhesabiwa kilokalori 4, sawasawa na gramu ya sukari. Ni hesabu ya tangu mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Wilbur Atwater aliyepima nishati ya vyakula kule Connecticut, na lebo za leo bado zinaiegemea. Waliotengeneza biskuti zile walitoa sukari wakatia gramu 22 za maltitoli, kiongeza utamu ambacho kwenye lebo huhesabiwa ndani ya zile gramu 66 za wanga, na kwa kanuni za Ulaya hupewa kilokalori 2.4 kwa gramu. Nilijumlisha palepale dukani: wanga uliobaki, gramu 44, ni kilokalori 176, maltitoli 53, mafuta gramu 19 ni 171, protini 28, nyuzinyuzi 8. Jumla 436. Biskuti za kawaida, zenye sukari yake, nilizokuwa nazo nyumbani zina 470. Tofauti ni hiyo tu, na bei ni mara tatu.

Sawa, maltitoli haipandishi sukari kwa kasi ya sukari yenyewe. Na ni kweli wanga mwingi tunaokula hauna lebo: ugali, wali, mihogo. Lakini sahani ya ugali haijaandikwa popote kwamba inamfaa mwenye kisukari.

Wenzetu walishaliona hili. Ujerumani ilikifuta kipengele cha vyakula maalumu vya wenye kisukari mwaka 2010, ikawapa wafanyabiashara hadi 2012 kumaliza mizigo yao. Umoja wa Ulaya nao haukukipa nafasi katika kanuni namba 609/2013, iliyoanza kutumika Julai 2016. Wataalamu wao waliona kwamba mwenye kisukari anahitaji mlo bora uleule unaomfaa mtu yeyote.

Wazazi mnaopiga hesabu ya insulini ya mtoto, kuweni macho na jambo moja. Lebo ya Marekani huziweka nyuzinyuzi ndani ya jumla ya wanga. Ya Ulaya imeshaziondoa. Ukizitoa tena kwenye pakiti ya Ulaya, wanga utauhesabu pungufu na insulini itakuwa kidogo. Katika maduka yetu pakiti hizo mbili zinakaa bega kwa bega.

Usalama wa chakula Tanzania Bara uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, ulipotoka kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Ombi langu kwao ni hili: pakiti yoyote inayotangaza mbele kwamba haina sukari, iandike hapohapo, kwa herufi za ukubwa uleule na kwa Kiswahili, gramu za wanga zilizomo. Na maneno ya kwamba inawafaa wenye kisukari yafutwe kwenye biskuti zote. Wenye maduka ya dawa hawana haja ya kusubiri kanuni. Pakiti hizo wanaweza kuziondoa leo kwenye rafu ya dawa.