Nati Yenye Roho ya Ukaidi

Aliyebuni spindeli ya mashine ya kusagia chuma, yaani ule mhimili unaozungusha jiwe, ana kisa na mimi. Yangu ilianza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kila chuma nilichosaga kikatoka na mistari kama pundamilia. Nikasema, aah, beringi hizo, zile pete zenye gololi zinazoubeba mhimili. Asubuhi nafungua, mchana nafunga. Leo ni siku ya nne.

Nati ya kwanza tu ikanitoa jasho. Nikatia spana, nikavuta. Nikachomeka bomba kwenye mpini, nikaning'inia. Kimya. Kumbe upande ule uzi ni wa kushoto, umewekwa makusudi ili jiwe likizunguka lisiilegeze nati likaruka. Yaani nusu saa nzima nilikuwa naikaza! Na nimekula nikashiba, mjue.

Beringi mpya ni pacha, zimesagwa kiwandani zikae pamoja. Zina alama ya V, nusu kwa huyu nusu kwa yule, hata huwezi kumwoza mmoja kwingine. Tena hizi zangu zinakaa mgongo kwa mgongo. Ndio wanandoa pekee niliowahi kuwaona ambao wakigeuziana mgongo nyumba inakuwa imara.

Nikachukua nyundo. Marufuku: ukigonga pete ya nje ili ya ndani iingie kwenye shafti, pigo lote linapita kwenye gololi na kuacha vidonda. Uipashe moto taratibu, nyuzi 80 hivi, itanuke iteleze yenyewe. Haya. Za zamani nikaziosha, nikazipuliza kwa kompresa zizunguke kama pia, raha yangu tangu utotoni. Nayo marufuku, gololi kavu zinakwaruzana. Basi nikashika mpya kwa mkono mtupu. Jasho, kutu, marufuku! Miaka yote hii ufundi wangu ni nguvu na kelele, leo naambiwa nivae glavu kama daktari wa upasuaji.

Sasa grisi. Mimi kwa grisi si bahili. Nikashindilia mpaka ikafurika, nikajipongeza. Dakika kumi baadaye spindeli haishikiki kwa joto. Kumbe inatakiwa ijaze robo tu ya nafasi, theluthi ikizidi sana. Ukijaza yote, gololi zinaogelea kwenye tope na tope linachemka. Fungua tena, osha tena. Ile nati, safari hii, nilianza kwa kuiomba radhi.

Nikafunga, nikaweka geji ya kupima kama spindeli inayumba. Mshale unacheza milimita 0.01. Mnaona ndogo? Unywele wa mtu ni kama 0.07, lakini bibi spindeli anataka 0.002! Nikafungua. Chembe ya vumbi imejilaza kati ya beringi na pete ya kutenganishia, imestarehe. Nikafuta meza, nikafukuza watoto, nikameza chafya mbili zilizokuwa zangu halali.

Sasa mshale umetulia. Lakini kazi haijaisha, beringi mpya hufundwa kama mwali: iwashe kidogo, izime, ipoe, iwashe tena. Kwa hiyo tangu jioni nimeketi hapa, kiganja juu ya spindeli, nasikilizia joto. Mama watoto kapita na taa, kasimama, kanitazama.

"Mwezi uliopita nililala na homa siku tatu," kasema. "Paji langu la uso hukuligusa."