Kapu Tupu Si Kapu

Shangazi yangu huuza samaki Dunga, hapa Kisumu. Namwita Waya, kama Waluo wanavyomwita dada ya baba, na kama waya wa stima, ukimgusa vibaya anakurusha.

Wateja wake wakubwa ni hoteli tatu. Alfajiri mashua zikifika, ngege na mbuta hupimwa, huandikwa kwenye daftari lililoganda magamba, kisha pikipiki hupeleka. Mimi, msomi wa ukoo, nikatangaza kwamba daftari lile ni aibu. Nikafungua laptopu, nikaandika klasi ya Python, yaani ramani ya kitu katika lugha hiyo ya programu, niliyoiita `Kapu`.

Mara ya kwanza niliifanya kivivu. `Kapu` ikarithi `list`, orodha ya kawaida ya Python, nami nikabadilisha `append` peke yake, ile ya kuongeza kitu kimoja, ili kila samaki anayeingia uzito wake ujumlishwe. Nikaingiza kumi kwa mkupuo kwa `extend`. Samaki kumi, kilo sifuri! Kumbe `extend` ya `list` haipitii `append` yako hata kidogo. Ina mlango wake wa nyuma, na mizani nilikuwa nimeiweka mlango wa mbele.

Nikaachana na `list`, nikarithi `MutableSequence`, kiolezo cha orodha kilicho ndani ya `collections.abc`. Pale unaandika metodi (kazi za klasi) tano tu: `__getitem__`, `__setitem__`, `__delitem__`, `__len__` na `insert`. Orodha yenyewe unaificha ndani ya kapu. `append`, `extend`, `pop`, `remove` na ndugu zao unapewa bure, na anayeingia kwa `append` au `extend` lazima apitie `insert`. Mizani nikaisimamisha hapo. `__delitem__` nikaiambia ipunguze uzito, na `__setitem__` itoe wa samaki wa zamani iongeze wa mpya, maana kuna watu hubadilisha samaki kapuni mchana kweupe.

Usiku uleule, macho yakiwa mekundu, nikaongeza hii:

```
def pokea(samaki, kapu=None):
    kapu = kapu or Kapu()
    kapu.extend(samaki)
```

Nia yangu: asiyeleta kapu (hapo `kapu` ni `None`, yaani hakuna kitu) apewe jipya. Nikajaribu kwa kapu ambalo nilitangulia kulitia omena mmoja, gramu 2, shilingi 1, nisije nikatazama skrini tupu. Likajaa vizuri. Nikalala kama mfalme.

Jumatatu saa moja asubuhi simu ya Waya ikaniamsha.

"Wewe mtoto, umemwandikia nini mpishi wa watu?"

Programu ilikuwa imemtumia mpishi mkuu wa hoteli moja ujumbe: "Umepokea kilo 0. Unadaiwa shilingi 0. Asante kwa biashara." Naye alikuwa amejibu upesi ajabu, mtu ambaye kwa kawaida husakwa wiki nzima ndipo alipe: "Asante Mama, Mungu akuzidishie." Jikoni kwake kulikuwa na ngege kilo 38 na mbuta kilo 25, mali ya shilingi 34,000.

Python ikifika kwenye `or`, huuliza kitu kilicho kushoto kama ni kweli au si kweli. Hutafuta `__bool__` kwanza. Isipoiona, huita `__len__`, inayohesabu vilivyomo, na jibu likiwa sifuri kitu hicho huhesabiwa si kweli, nayo huchukua kilicho kulia. Kila asubuhi makapu huanza yakiwa matupu. Kwa hiyo nilileta kapu la mpishi, Python ikachungulia ndani, ikaona hakuna kitu, ikalitupa kando na kusuka jingine. Samaki wote wakapimwa kwa uaminifu ndani ya kapu hilo jipya, na `pokea` ilipomaliza kazi, kwa kuwa hakuna aliyelishika, likafutwa pamoja na samaki wake. Omena wangu wa majaribio ndiye aliyeificha aibu yote.

Nikamweleza Waya. Akanyamaza kidogo.

"Kapu tupu si kapu?"

"Kwa kompyuta, Waya, ni..."

"Na ukitia omena mmoja linakuwa kapu?"

"Ndiyo."

"Si utie omena! Pikipiki inangoja!"

Nikatia omena mmoja kwenye kila kapu, ankara zikatoka upya. Mchana, akili ziliporudi, nikarekebisha sawasawa: `if kapu is None: kapu = Kapu()`. Unauliza kama kapu limeletwa, huulizi kama lina kitu. Ningeweza pia kuandika `__bool__` inayojibu kweli siku zote, ila hapo atakayeandika `if kapu:` akitaka kujua kama kuna samaki atadanganywa, na huyo mtu kwa kawaida ni mimi mwenyewe baada ya miezi miwili.

Waya alienda hotelini mwenyewe, daftari la magamba kwapani, akarudi na pesa zote.

Alhamisi mpishi akanipigia simu. Sauti ya mtu aliyelipa shingo upande.

"Kijana, nimesoma ankara zenu za wiki hii. Kila siku kuna mstari wa kwanza, omena 1, gramu 2, shilingi 1. Mimi nimelipa. Omena wangu wanne wako wapi?"