Ngazi aliyopanda Grace Onyango

Uchaguzi ukinukia, mwanamke anayetaka ubunge Kenya haachi kuambiwa aanzie chini: ingia wadi kwanza, watu wakujue, kisha uombe kikubwa. Na wanaompa ushauri huo wana mfano mkononi. Grace Onyango alikuwa mwalimu, akawa diwani wa Kisumu, na mwaka 1965 akawa meya, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Desemba 1969 watu wa Kisumu Mjini wakampeleka bungeni. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa na wapiga kura kuingia Bunge la Kenya. Alikaa huko hadi 1983.

Ila hadithi hii husimuliwa ikiwa imenyolewa. Umeya aliupata baada ya kifo cha meya aliyekuwepo, na waliomchagua ni madiwani wenzake. Nao uchaguzi wa 1969 haukuwa wa kawaida hata kidogo. Oktoba 25 risasi zilirindima Kisumu, siku ambayo Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali. Siku chache baadaye chama cha upinzani, KPU, kikapigwa marufuku, kiongozi wake Jaramogi Oginga Odinga na wenzake wakiwa kizuizini. Vigogo wa Nyanza hawakuwa debeni. Kwa hiyo wapo wanaosema mlango ulikuwa wazi, yeye akapita tu.

Hilo “tu” silikubali. Mlango ulikuwa wazi kwa wanaume pia, na Kisumu haikuwa na uhaba wao. Yeye alikuwa na miaka minne katika ofisi inayosimamia soko, takataka na vibanda, vitu ambavyo mwananchi huvigusa kila siku.

Linganisha na Susan Kihika. Mwaka 2013 alikuwa Spika wa Bunge la Kaunti ya Nakuru, kiti kinachopigiwa kura na wawakilishi wenyewe. Mwaka 2017 akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa Seneti, na 2022 akawa gavana. Kweli, ni binti wa mwanasiasa Kihika Kimani, na jina hilo Nakuru halihitaji bango. Lakini kama Onyango, kabla ya kuomba kura za umma alikuwa amekalia kiti kinachoonekana, chenye mamlaka yake.

Wanawake wanaopata viti vya aina hiyo kwa kura ni wachache. Mwaka 2013 wadi 1,450 zilichagua wanawake 82 pekee, kisha 96 mwaka 2017. Pengo linazibwa na uteuzi kutoka orodha za vyama, kwa kuwa Katiba ya 2010 hairuhusu jinsia moja kuzidi thuluthi mbili katika bunge la kaunti. Wanaotetea uteuzi wana hoja nzito: bila huo, mabunge hayo yangebaki baraza la wazee wa kiume. Wanaoupinga husema mteule ni deni la chama, anamtumikia aliyemwandika kwenye orodha. Kwangu mimi, kasoro kubwa iko kwingine: mteule anapewa kiti, hapewi wadi.

Mwaka fulani nilikaa kwenye baraza chini ya mwembe, MCA mteule, yaani mjumbe wa bunge la kaunti aliyeteuliwa, akiomba watu wamkumbuke uchaguzi ujao. Alizungumza vizuri, akaeleza mswada aliousukuma kwenye kamati ya afya. Mama mmoja wa mbele, kikapu cha omena miguuni, akamkatiza kwa upole: “Mwanangu, wewe wadi yako ni gani?” Akajibu kwamba yeye ni wa kaunti nzima. Watu wakacheka, si kwa ubaya. MCA wa kiume aliyekaa kando yake hakusema neno. Alinyoosha tu kidole kwenye kisima kilichochimbwa mwaka uliotangulia, ambacho kilikuwa na jina lake kwa rangi ya buluu.