Afande Tennison na Nusu ya Kichwa Changu

Ninaandika haya nikiwa nimevaa baraghashia, saa nne za usiku, sebuleni kwangu, na baraghashia yenyewe si yangu. Nilichokwenda kukitafuta jana kwa kinyozi kilikuwa kunyolewa, jambo ambalo wanaume wa ukoo wetu wamelifanya kwa amani tangu enzi za wakoloni.

Kosa langu lilikuwa flashi. Mpwa wangu alikuwa ameniwekea tamthilia ya polisi ya Uingereza iitwayo Prime Suspect, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1991 na kwenda hadi mwaka 2006 kwa misimu 7, ambamo Helen Mirren anaigiza Jane Tennison, Mkaguzi Mkuu wa Upelelezi jijini London. Nyumbani sikuweza kuitazama, kwa sababu watoto wana katuni zao, mke wangu ana Waturuki wake, na mimi ndiye mwenye nyumba. Nikaona heri niipeleke saluni, kule Mbagala, ambako kuna televisheni ya inchi 32 na kinyozi ambaye kwa miaka yote ninayomfahamu hajawahi kumkatalia mteja flashi.

Tulianza vizuri. Nilifungwa shuka shingoni, mashine ikawashwa, upande wa kushoto wa kichwa ukaanza kushughulikiwa, na kwenye kioo nikawa natazama London kinyumenyume. Ndipo Mkaguzi Mkuu Shefford, mwanamume aliyekuwa akiongoza upelelezi wa mauaji ya msichana, alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na Tennison akaenda kwa mkuu wake kuiomba kesi hiyo. Mashine ikanyamaza. Kinyozi wangu, ambaye Kiingereza chake alikipata kwenye filamu zilizotafsiriwa na ambaye kwa hiyo anajihesabu mfasiri, aligeukia benchi la wateja na kutangaza kwamba huyu mama anadai mirathi ya marehemu.

"Hata arobaini haijafika!" alisema mama lishe, ambaye alikuwa amemletea mtu wali maharage, na tangu dakika hiyo hakuondoka tena.

Nilijaribu kueleza, kwa upole unaostahili mtu aliyevaa shuka, kwamba kesi ya mauaji hairithiwi kama shamba, na kwamba muuaji hangojei arobaini ya mtu. Afande mstaafu aliyekuwa pembeni akisubiri zamu yake (alistaafu na cheo cha sajenti, lakini mtaa mzima humwita Afande na mimi humwamkia shikamoo) alisema kwamba katika utumishi wake hakuwahi kuona mkuu wa upelelezi akiingia kazini bila kofia. Nikamjibu kwamba wapelelezi huvaa nguo za kiraia. Akaniambia kwamba anajua wanavyovaa wapelelezi, ila kofia ni kofia.

Kisha kikafika kile kipande ambacho ndicho kilichoniharibia wiki. Wanaume wa kikosi hawamtaki Tennison, hasa Sajenti Otley aliyekuwa rafiki wa marehemu, na mmoja anapomwita kwa lile neno la heshima ambalo Waingereza humwitia malkia wao, Tennison anamkata kauli: wamwite Mkuu au Bosi, kwa maana yeye si Malkia. Kinyozi aliifasiri sentensi hiyo vizuri kabisa, ikiwa mara yake ya kwanza na ya mwisho, halafu akazima mashine, akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kuigusa, akageuka na kusema, "Mzee wangu, huyu mama anatudanganya. Huyu ndiye Malkia. Mimi nimemwona."

Naye alikuwa amemwona kweli. Mwaka huohuo wa 2006 ambao Tennison alistaafu, Helen Mirren aliigiza Malkia Elizabeth wa Pili katika filamu na baadaye akapewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na kwa bahati mbaya yangu filamu hiyo iliwahi kupita saluni hii. Niliwaeleza kwamba mwigizaji ni mmoja na wahusika ni wawili. Mama lishe akauliza, kama ana ufalme, polisi anatafuta nini. Mteja mwingine, ambaye mpaka hapo alikuwa anakula tu, alisema ndiyo maana wanaume wale hawamtii, wamegundua kwamba ametumwa kuwachunguza. Afande akainua mkono kama mtu anayesimamisha lori, akasema kwamba tatizo lote hilo ni la Waingereza na lugha yao, sisi hatuna, kwa maana Afande ni Afande, awe wa kiume, awe wa kike, na kwamba yeye amepiga saluti kwa mwanamke miaka sita na mkono haukukatika.

Hapo nilikubaliana naye, na ningependa tuishie hapo. Lakini picha ilikuwa inaendelea, nasi tukafika mahali ambapo Tennison anachelewa kurudi nyumbani huku mwanamume wake amealika wageni wa kibiashara kwa chakula cha jioni. Mabishano yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko kipindi chenyewe. Mama lishe alisimama na kusema kwamba kosa si la yule mama wala la yule baba, kosa ni kukaa London nzima bila kumjua mama lishe hata mmoja wa kumpigia simu. Yeye angewapelekea pilau la watu wanane, na vyombo angevifuata kesho yake. Kisha akatoa hukumu juu ya mtuhumiwa, George Marlow, kwamba mwanamume anayempenda mama yake kiasi kile hawezi kuua mtu, aachiwe.

Sasa nawaomba mniambie, nyinyi mnaojua kutazama. Jambo la kwanza alilogundua Tennison alipoishika ile kesi ni kwamba wanaume wale wazoefu, pamoja na kofia zao, walikuwa wamempa maiti jina la mtu mwingine. Maiti! Hakuna aliyelisemea hilo. Saluni nzima ilizungumzia sigara za Tennison, nywele zake, kiatu chake, na kama amezaa. Nikawaambia kwamba mwandishi, Lynda La Plante, hakumtunga hewani, bali alimfuata afisa halisi wa London aitwaye Jackie Malton, enzi ambazo wanawake wenye cheo hicho pale jijini walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Afande akauliza alikuwa kituo gani. Mama lishe akauliza kama naye anavuta sigara. Kinyozi akaniuliza, huku mashine ikining'inia mkononi kama samaki, kwa nini nimekasirika hivyo na huyu mama si ndugu yangu.

Umeme ukakatika.

Nilikaa palepale robo saa, upande wa kushoto ukiwa upara na upande wa kulia ukiwa kama nilivyozaliwa, nikiwasikiliza wakiendelea kubishana gizani juu ya tamthilia ambayo hawaioni tena. Afande ndiye aliyenivua shuka na kuniazima baraghashia yake. Dereva wa bodaboda alinitazama na kusema tu kwamba kwao Songea mkuu wa kituo aliwahi kuwa mwanamke na wezi walimkoma. Mke wangu aliinua macho kutoka kwa Waturuki, akasema yule mama wa polisi anaonekana hajalala siku nyingi, akayarudisha.

Flashi imebaki saluni. Jioni hii kinyozi amenipigia kunijulisha kwamba umeme umerudi, nije animalizie, na kwamba wao wameitazama yote usiku kwa jenereta la jirani, sasa Marlow kasimama mahakamani, Mzee wangu, halafu anaulizwa, halafu, hutaamini, anajibu... Nikakata simu. Nikienda kunyolewa nitasimuliwa mwisho, na nisipokwenda nitaingia ofisini Jumatatu nikiwa hivi. Nimemtuma mwanangu akaazime wembe kwa jirani. Amerudi na wembe, na jirani mwenyewe nyuma yake, anauliza kama ni kweli Malkia alikuwa polisi.