Golden Mile Complex: Kilichohifadhiwa ni Zege

Mei 2023 wapangaji wa mwisho wa Golden Mile Complex, kule Beach Road, Singapore, walifunga virago. Jengo halikuvunjwa. Oktoba 2021 serikali ilikuwa imeliweka rasmi kwenye hifadhi, na mwaka uliofuata likauzwa kwa dola za Singapore milioni 700. Wapenzi wa usanifu majengo walifurahi, na sababu walikuwa nayo. Lilikamilika 1973, lina ghorofa 16 zilizorudi nyuma ngazi kwa ngazi kama mteremko unaotazama bahari. Maduka yako chini, ofisi katikati na fleti juu. Pearl Bank, jengo la rika lake, liliuzwa 2018 na leo halipo.

Lakini wengi pale mjini ukiwatajia Golden Mile, hawakumbuki mteremko. Wanakumbuka mookata, nyama inayochomwa mezani huku mchuzi ukichemka pembeni, saladi ya papai bichi yenye pilipili ya kutoa machozi, na mabasi ya kwenda Hat Yai, kusini mwa Thailand. Mabasi hayo ndiyo yaliyowavuta watu. Mafundi na vibarua wa ujenzi kutoka Thailand walikuja Jumapili kukata tiketi, kutuma pesa nyumbani na kula chakula cha kwao, na biashara zikawafuata hadi jengo likaitwa Thailand Ndogo. Hakuna mchoraji ramani aliyelipanga hilo.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaoiombolezea Thailand Ndogo. Thailand Ndogo ilikuwa kufa kufaana. Jengo lilikuwa na mamia ya wamiliki, kila mmoja na kipande chake, na kila mmoja akiziba roshani yake apendavyo, huyu kwa bati, yule kwa kioo. Mwaka 2006 mbunge wa kuteuliwa Ivan Png alisimama bungeni akaliita mtaa wa mabanda uliosimama wima, na aibu ya taifa. Maneno makali, ila kuhusu uchakavu hakusema uongo. Na uchakavu huohuo ndio ulioshusha kodi kiasi cha mwenye mgahawa mdogo kuimudu. Ukilitengeneza, kodi inapanda, anaondoka. Usipolitengeneza, siku moja linamwangukia.

Wamiliki nao siwalaumu. Sheria inaruhusu jengo la namna hiyo kuuzwa zima iwapo wenye asilimia 80 wameridhia, na ardhi yenyewe walikuwa nayo kwa mkataba wa miaka 99 uliokuwa ukiyoyoma.

Ninayemuuliza ni serikali. Ili mnunuzi akubali kulibakiza jengo, ilimpa motisha: mkataba mpya wa miaka 99 na ruhusa ya kuongeza mnara pembeni, ambao sasa umepangiwa ghorofa 45 na fleti 188. Kumbe sharti linaweza kununuliwa. Sharti la kulibakiza zege serikali ililinunua kwa motisha hiyo. Mpishi, ambaye hakuwa mmiliki na hakupiga kura, aliambiwa tarehe ya kuhama. Wengine wamefungua upya kwenye majengo mengine, kila mmoja kona yake, lakini ile Jumapili ya wote kukutana haihamishiki kwa lori.

Mipango ya jengo lililokarabatiwa imetenga nafasi ya kituo cha usanifu. Vyumba vitatu vinne vya chini kwa kodi nafuu, karibu na palipokuwa na mabasi, visingeuzamisha mradi wa jengo lililonunuliwa kwa milioni 700.