Disney na watoto watano: mimi kwanza nauliza vyoo vingapi

Juzi dada mmoja tunayesali naye kanipigia simu, ana watoto sita, mkubwa miaka 14 na wa mwisho bado ananyonya, wanataka kwenda Disney kule Florida mwezi wa kumi na moja. Akaniambia "dada nitajie tu hoteli ya bei chee." Nikamwambia subiri kwanza mpenzi, nyie ni watu wanane, ukipata bei chee ya watu wanane ujue kuna kitu kimepunguzwa mahali na hicho kitu ndo kitakuja kukutoa machozi saa tisa usiku. Tukaongea karibu lisaa limoja na nusu. Nilipokata simu nikaona bora niandike, maana hili swali naulizwa kila likizo ikikaribia.

Sisi tunaishi Georgia, mpaka Orlando, mji wa karibu na hiyo Disney, ni kama masaa saba kwa gari na kusimama simama kwa ajili ya choo kunaongeza, na tumeshaenda mara tatu, 2019, 2024 na mwaka jana 2025. Kila mara idadi yetu ilikuwa tofauti na kila mara tumelala sehemu tofauti. Msimamo wangu saivi hauyumbi: mkiwa na watoto wengi tafuteni sehemu yenye mlango wa kufunga kati ya wakubwa na wadogo, vyoo viwili, na friji ya maana, hata kama hela hiyo hiyo itawapa siku tatu badala ya sita. Bora hizo tatu mlale.

2019 hatukujua hilo. Tulikuwa na watoto wanne, wa mwisho mwaka mmoja, tukachukua vyumba viwili kwenye hoteli moja nje ya eneo la Disney, jina silitaji. Kwenye simu niliomba vyumba vilivyopakana, nikaambiwa hamna shida mama. Tumefika saa nne usiku, watoto wamelala kwenye gari, tunapewa funguo, chumba kimoja ghorofa ya pili kingine ghorofa ya tano. Mpokezi ananiambia lile lilikuwa ombi tu na hoteli imejaa. Baba watoto akapanda juu na wakubwa wawili, mimi nikabaki chini na wadogo.

Saa tisa usiku mtoto kaamka analia, na yule wa miaka mitatu amelala kitanda cha pili hapo hapo, hata hatua mbili hazifiki. Nikaona nikimwacha alie wote wawili wataamka, nikambeba nikaingia naye bafuni nikafunga mlango, nikatandika taulo kwenye bafu kavu nikakaa humo ndani namnyonyesha gizani, kwa sababu ukiwasha taa na feni inawaka na ile feni ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Mgongo uliniuma siku mbili. Asubuhi sasa, maziwa yako friji ya juu, viatu vya mtoto viko juu, nepi ziko chini, kadi ya mlango kaondoka nayo baba, nimepanda na kushuka ile lifti mara nne kabla hata sijanywa chai. Tumeingia getini saa tano jua limeshawaka na kila mtu kanuna. Tiketi tumelipia siku nzima!

Kwa hiyo mama mwenzangu ukipiga simu usiseme "vyumba vya jirani". Uliza kama kuna mlango wa ndani kati ya chumba na chumba, alafu uliza tena, hiyo imeandikwa kwenye buking yangu kama uhakika au kama ombi? Wakisema ombi, wewe panga ukijua kwamba hamna.

Jambo la pili ni kuhesabu, na hapa wengi wanakosea. Vyumba vingi vya kawaida kwenye hoteli za Disney wenyewe ni vya watu wanne. Viko vya watu watano, hoteli ya Caribbean Beach wanavyo na ya Port Orleans Riverside baadhi, ila ile nafasi ya tano ni kitanda kidogo cha mtoto kinachoshushwa ukutani, mtu mzima hatoshi pale. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu akilala kwenye kitanda chake cha kichanga hahesabiwi kwenye chumba, na tiketi ya paki, yaani zile bustani za michezo za Disney, halipii. Akitimiza mitatu anahesabiwa kote kote. Akitimiza kumi tiketi yake ni ya mtu mzima. Sasa ukikaa na karatasi andika umri wa kila mtoto siku ya safari, sio umri wa leo, maana besdei moja inaweza kukubadilishia chumba na bajeti nzima.

Na kile kitu cha kumficha mtoto mmoja, yaani mnaandika wanne mnaingia sita, mimi nakikataa kabisa na nimewaambia hata ndugu zangu. Ile idadi ina mambo ya usalama wa moto ndani yake, ikitokea dharura usiku wanatafuta watu wanne. Na pia faida za kulala ndani ya Disney, kama kuingia paki nusu saa kabla ya wengine, zinaenda kwa majina yaliyoko kwenye buking. Utamwambia nini mtoto ambaye jina lake hukuliandika?

2024 mwanzoni tulikuwa saba, mdogo wetu wa tano ana miezi 11. Saba ukitoa kichanga ni sita, na hapo ndo nikagundua switi za familia za Art of Animation, hoteli iliyofunguliwa 2012 ambayo sehemu kubwa ni hizo switi, kila moja watu sita. Chumba cha wazazi kina mlango wake na choo chake, sebuleni kuna choo kingine, sofa inafunguka kitanda na ile meza ya kulia ukiivuta inashuka inakuwa kitanda cha wawili. Wanangu waligombania kulala kwenye "meza" siku zote nne. Jiko la kupikia hamna, kuna sinki, friji ndogo na maikrowevu, na kwa siku nne ilitosha, nilibeba maandazi na chapati za kutoka nyumbani, supamaketi wakaleta maziwa, matunda na mkate hapo hapo hotelini. Disney wanaruhusu kuingia na chakula chako, chupa za glasi na pombe ndo hawataki, na maji ya barafu unaomba bure kwenye migahawa yao ya haraka. Kwa watu saba hiyo ni hela nyingi sana inabaki mfukoni.

Kitu kingine kilichonifurahisha pale ni Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vilianza 2019, vinakupeleka mpaka EPCOT na Hollywood Studios, paki mbili za Disney. Basi ya Disney mara nyingi inabidi ukunje kigari cha mtoto, na wewe una kichanga begani, begi la nepi, na mwingine kakushika sketi. Kwenye Skyliner unakisukuma kigari hivyo hivyo mtoto kalala ndani wala haamki. Radi zikipiga wanausimamisha, na Florida kiangazi mvua ya mchana ni kama kawaida, kwa hiyo uwe unajua basi ziko wapi. Ila mimi ndo niliweza kurudi saa saba mchana, wadogo wakalala masaa mawili mlango umefungwa, wakubwa wakaenda kuogelea na baba yao, jioni tukarudi paki tukiwa binadamu. Ukilala mbali ile ya mchana huifanyi, utasema petroli, utasema foleni, mwisho unamkokota mtoto mpaka saa tatu usiku analia.

Fort Wilderness, kambi ya Disney ya msituni, wana vibanda vipya vya watu sita, vimefunguliwa 2024, vina jiko kamili na miti mizuri, boti ya kwenda paki ya Magic Kingdom iko hapo. Shida yangu ni choo kimoja. Watu sita, choo kimoja, asubuhi moja, hapana. Kama watoto wako ni wadogo bado wanaoga pamoja, labda, wewe ndo unawajua.

Watu wetu wengi wanapenda nyumba za kukodi kule Kissimmee na Davenport, miji ya jirani na Disney, na sizikatai, kwa familia mbili zinazochangia nyumba ya vyumba vitano bei inashuka sana, mnapika pilau, watoto wanacheza na binamu zao. Sisi wenyewe tulialikwa siku moja kwenye nyumba ya shemeji yangu alikokodi. Kilichonitia hofu ni bwawa la nyuma. Milango ya kioo ya sebuleni inafungukia moja kwa moja kwenye maji, kengele ya kulia mlango ukifunguliwa ipo lakini watu wazima tulikuwa kumi tunaingia tunatoka, kengele ikawa inalia kila dakika mpaka mtu akaizima. Nilimfuata huyo mtu nikaiwasha tena na nikakaa kwenye kiti mlangoni mchana kutwa. Mkichukua nyumba gaweni zamu, mtu mmoja kwa jina lake anaangalia maji, asiwe na simu mkononi. Alafu soma bei yote mpaka chini, ada ya usafi, ada ya bwawa kupashwa moto, pakingi ya paki kila siku. Hata hoteli ndo hivyo hivyo, bei unayoiona kwanza haina kodi, Orange County, wilaya ya Orlando, kodi ya chumba ni asilimia 12.5, na hoteli nyingi za nje zinaongeza ada ya huduma na pakingi kwa usiku. Ndani ya Disney wageni wanaolala kwenye hoteli zao hawalipii pakingi ya hoteli wala ya paki, ila lile basi lao la bure la kutoka airport lilishakufa tangu 2022, wanaokuja kwa ndege wekeni usafiri huo kwenye hesabu.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Morogoro. Tukawa wanane, na nikasema safari hii bibi halali kwenye sofa. Tukalala Kidani Village, hiyo ni sehemu ya Animal Kingdom Lodge iliyofunguliwa 2009, nyumba ya vyumba viwili inachukua watu tisa, vyoo VITATU, jiko kamili, mashine ya kufua na kukausha humo humo ndani. Bei ya kawaida hatuiwezi, sisemi uongo. Tulikodi pointi za mtu aliyenunua hisa za zile nyumba za Disney, pointi ndo analipia nazo usiku wa kulala, bei inashuka sana, lakini ukilipa umelipa, kughairi ni shida, kwa hiyo usifanye kama ratiba ya kazi haijatulia au mtoto anaumwa umwa. Na pale usafiri ni basi tu, Skyliner haifiki.

Ila jamani, majina. Kidani, Pembe, Sanaa, sehemu ya watoto kuchezea maji inaitwa Uwanja, bwawa linaitwa Samawati. Bibi anasoma kibao kimoja kimoja kwa sauti na wajukuu zake, hawa waliozaliwa huku ambao Kiswahili chao nakitafuta kwa tochi, wanamuuliza bibi samawati ni nini, bibi anaonyesha juu mbinguni. Asubuhi ya kwanza nimeamka saa kumi na mbili nikamkuta barazani kajifunga kanga, kikombe cha chai mkononi, twiga anakula majani pale chini karibu kabisa. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia bila kugeuka. Kumbe alikuwa anaongea naye, "na wewe nani kakuleta huku?" Mjukuu wake wa miaka tisa akaja akakaa miguuni pake na blanketi, wakakaa vile karibu saa nzima, chumba kingine wadogo bado wamelala mlango umefungwa. Mchana niliwapikia ugali na mboga ya majani, sembe tulikuja nayo kwenye gari. Siku hiyo hatukwenda paki yoyote na hakuna mtoto aliyelalamika.

Yule dada wa watoto sita nimemwambia achague kati ya mawili. Mdogo wake hafiki mitatu kwa hiyo wanahesabiwa saba, switi ya sita haiwatoshi, basi aidha vyumba viwili vyenye mlango wa ndani ulioandikwa kwenye buking, au nyumba ya Kissimmee wachangie na wifi yake na zamu ya bwawa iandikwe kwenye friji. Kaniambia ataongea na mumewe. Na sisi wenyewe hesabu imebadilika, kadogo ketu katimiza miaka mitatu mwaka huu, tumekuwa saba kamili hata bila bibi, na bibi keshapiga simu kuuliza kama twiga wake bado yupo. Naangalia pointi za mwezi wa pili.