Sindano ya Ujana na Moyo wa Mzee

Msimu wa korosho unapofika na fedha za mnada zikaanza kuingia kwa wakulima, wachuuzi wa dawa za kurudisha ujana nao hawakosekani huku Masasi na Tandahimba. Msimu uliopita nilikaa kwenye baraza la duka na mzee wa miaka 71, akanionyesha kikopo cha vidonge alichonunua, kina picha ya mwanamume mwenye kifua kipana na maandishi yanayodai kuwa ndani yake mna homoni ya ukuaji inayolinda moyo na kuzuia kiharusi. "Nisomee, mwanangu," aliniambia, "hivi kweli inalinda moyo?"

Kwa vidonge vile jibu ni jepesi. Homoni ya ukuaji ni protini, na ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya kunde. Homoni yenyewe hudungwa kwa sindano na huhitaji jokofu, wala haikai juani kwenye meza ya mchuuzi. Ugumu unaanza tukiulizia sindano ya kweli, kwa kuwa wanaoitetea hawazungumzi bila msingi.

Homoni hii hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na kiwango chake hushuka kadiri umri unavyosogea. Mwaka 1990 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa watu wazima ambao tezi hiyo imeharibika, waliokuwa wakifidiwa homoni nyingine lakini si ya ukuaji, walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umri wao. Mwaka huohuo, nchini Marekani, Daniel Rudman na wenzake waliwadunga wanaume 12 wenye umri wa miaka 61 hadi 81 kwa miezi 6. Uzito wa mwili usio wa mafuta uliongezeka kwa karibu asilimia 9, na mafuta yakapungua kwa karibu asilimia 14. Kwa kuwa mafuta ya tumboni na lehemu (kolesteroli) ni miongoni mwa vinavyoharibu mishipa, si ajabu watu wakahitimisha kuwa moyo nao utanufaika. Biashara kubwa ilijengwa juu ya wanaume wale 12.

Upande wa pili una ushahidi ambao mimi nauona mzito zaidi, nao unatoka kwa wagonjwa wa akromegali, ambao tezi yao hutoa homoni hii kupita kiasi. Kuta za moyo wao hunenepa, presha hupanda, kisukari huwaandama, na kwa miaka mingi maradhi ya moyo ndiyo yaliyokuwa yakiwaua zaidi. Kwa hiyo moyo huumia homoni ikipungua sana na huumia ikizidi, na anayemdunga mzee mwenye afya anapaswa kueleza atajuaje pa kusimama. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliojumlisha majaribio kwa wazee wenye afya ulikuta wakiongeza takriban kilo 2 za mwili usio wa mafuta na kupunguza mafuta kwa kiasi kama hicho, huku wengi zaidi wakivimba miguu, wakiumwa viungo na kufa ganzi vidole. Waliodungwa walikuwa 220 tu, idadi ndogo mno kuweza kuonyesha kama kiharusi kinapungua au kinaongezeka. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2014 ulikuta kiharusi zaidi, hasa cha kuvuja damu, kwa waliotibiwa kwa homoni hii utotoni. Lakini hao hawakuwa wazee, kwa hiyo siutumii kama fimbo.

Kosa la watetezi, kwa maoni yangu, ni kuchanganya upungufu wa ugonjwa na upungufu wa umri. Mkulima wa korosho hawezi kulifanya kosa hilo shambani. Mkorosho ulioshambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, na mkorosho uliochoka kwa uzee yote huzaa kidogo, lakini salfa huuokoa ule wa kwanza tu. Mwenye tezi iliyoharibika, aliyepimwa na daktari bingwa, anaihitaji sindano, na kumnyima ni kumdhulumu.

Kuna jambo jingine linalohusu ukanda wetu, ambako ng'onda na samaki wengine wa chumvi hawakosekani mezani. Homoni hii huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, ndiyo sababu ya ile miguu kuvimba, na hupunguza nguvu ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Nilimuuliza mzee kama ana presha. Akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, nikasoma 168 kwa 96, kisha ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu. Dawa za presha alikuwa ameziacha miezi miwili nyuma, kwa sababu mchuuzi alimwambia zisichanganywe na vidonge vya kwenye kile kikopo.